Tatuu mwaiogopa, piko je?

Mhariri,

Msimu wa harusi ukikaribia, mjadala wa tatuu hufufuka. Vijana wanaitaka, wazazi wanaikataa, mashehe na mapadri wanakumbusha yaliyoandikwa. Huko hatuendi mbali. Kwa Waislamu wengi neno limekwisha: kudunga ngozi na kutia wino ni haramu, hina ni halali. Wakristo wapo wanaosoma Walawi 19:28 wakafunga kitabu, na wapo Wakopti wa Misri wanaojichora msalaba karibu na kifundo cha mkono kuwa ndiyo alama ya imani yao. Waajiri nao wana lao. Nafasi za polisi zikitangazwa Tanzania, sharti la mwombaji kutokuwa na mchoro mwilini huwamo. Kila mtu na msimamo wake.

Sisi tunaopaka hina tuna neno na wale waliokwisha kuikataa tatuu, maana ndio wateja wetu wakubwa. Utawasikia: "Mimi sichori, napaka piko tu, si itatoka yenyewe?" Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, imepata heshima isiyo yake kwa kuwa huuzwa duka moja na hina, hupakwa na mkono uleule, na wageni ufukweni huambiwa ni hina nyeusi. Mhina hutoa rangi ya machungwa inayoiva polepole hadi kahawia iliyokolea. Weusi wa wino haumo katika majani yake, hata uyatwange mwaka mzima.

Piko inayouzwa kwa vipaketi ni rangi ya nywele ya kiwandani. Kinachoitia weusi ni kemikali iitwayo parafenilinidaiamini, kwa ufupi PPD. Saluni, rangi hiyo hukorogwa na hidrojeni peroksaidi, dawa ya kuiivisha, msusi huvaa glavu, hukaa kichwani kama nusu saa kisha huoshwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka PPD isizidi asilimia 2 baada ya kukorogwa, na hata hiyo ni ya nywele. Kuipaka ngozini hakuruhusiwi kabisa. Michoro myeusi ya aina hii iliyopimwa maabara huko imewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 10. Wala si ajabu. Mpakaji anayetaka mstari mweusi ti ndani ya dakika 20 hupunguza maji na kuongeza unga, na mara nyingi peroksaidi haitii, kwa hiyo PPD nyingi hubaki mbichi juu ya ngozi kwa saa nzima au zaidi.

PPD mbichi ni chembe ndogo mno, hupenya. Ikishaingia hujishikiza kwenye protini za ngozi, na kinga ya mwili huiona ni adui. Mara ya kwanza mwenyewe huenda asihisi lolote, kwa sababu mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kujifunza adui huyo. Ndiyo maana wengi huapa kwamba wamepaka Idi iliyopita na hawakudhurika. Wakirudia, kati ya siku moja na tatu mkono huanza kuwasha, unavimba, kisha malengelenge yanatoka yakifuata ua lilelile lililochorwa, jani kwa jani. Yakikauka huacha alama, nyeusi kuliko ngozi au nyeupe, hasa kwa watoto, na alama hiyo huweza kukaa miezi. Mwenye ngozi ya kutoa makovu ya kuvimba huenda akabaki nalo kovu. Huyo sasa ana mchoro wa kudumu, naye alikuwa akiwakemea wenzake kwa tatuu!

Alama si mwisho wa habari. Mwili ukishaizoea PPD kwa uadui, hausahau. Msichana aliyepakwa piko akiwa na miaka 9 atafika 40, mvi zimeanza, ataingia saluni kutia rangi, na kesho yake macho yamefumba kwa uvimbe na kichwa kinatoa maji. Hatajua chanzo kilikuwa sherehe ya utotoni. Isitoshe, PPD ina ndugu zake: baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na baadhi ya rangi za nguo nyeusi na za buluu zinaweza kumwasha mtu huyohuyo. Mabuibui yetu ni meusi, tafadhali mlifikirie hilo.

Kuna wanaoona wamejihadhari kwa kupaka tone nyuma ya sikio kwanza. Tone hilo halithibitishi kitu kwa mtu ambaye hajawahi kupaka, kwa kuwa uadui bado haujajengeka, tena tone lenyewe laweza kuwa ndilo linaloujenga. Wengine huchanganya piko kidogo ndani ya hina ili iwahi kukolea. Mtindo huo Sudan unajulikana kwa muda mrefu, na madaktari wa huko wameandika mengi juu ya watu kuvimba uso na koo, na figo kufeli kwa walioimeza. Kwa hiyo kipaketi kisiachwe jikoni ambako mtoto anafika.

Tatuu ya sindano hatuitetei. Nayo hupeleka wino kama milimita moja hadi mbili ndani, na sindano iliyotumika kwa mwingine huweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hubaki hai kwenye uso mkavu hata siku 7. Ila anayeiendea anajua anakwenda kudungwa, huuliza sindano, hutaka kuona ikitolewa kwenye pakiti. Kwa piko hakuna anayeuliza chochote.

Sasa kwa nini maharusi wanaitaka? Sababu yao ni ya kweli na haifai kubezwa: hina nyekundu juu ya mkono mweusi haionekani kwenye picha. Hili lina dawa, ila dawa yake inataka siku, si saa. Chukua gramu 100 za unga wa hina ulio mbichi, wa kijani, unaonuka kama majani makavu, uliochekechwa kwa kitambaa laini ili usizibe koni ya kuchorea. Tia maji ya ndimu kidogo kidogo, yatafika mililita 300 hivi, vijiko viwili vya mezani vya sukari ili ishike isipukutike, na mililita 30 za mafuta ya mkaratusi. Kwa mtoto mdogo mafuta hayo usitie. Na mafuta ya karafuu, ambayo wengi tunayapenda kwa harufu, huchoma ngozi laini, afadhali yaachwe. Funika bakuli. Kwa joto la pwani saa 6 hadi 8 zinatosha. Chini ya hapo rangi haijatoka kwenye majani, na ukivusha siku mbili imekwisha nguvu. Jaribu tone kiganjani kwa dakika 5, ulipanguse: likiacha doa la machungwa, iko tayari.

Mkono uoshwe kwa sabuni, usipakwe mafuta kabla, kwa sababu mafuta huizuia hina kushika. Ikishapakwa ikae kwa muda wa saa 6 hadi 8. Wengi hukosea hapa: huiosha. Hina huparurwa ikiwa kavu, kisha mkono hauguswi maji kwa muda wa saa 12 au zaidi, na ukilazimika kutia udhu pakaa kwanza mafuta ya nazi au ya ufuta juu ya mchoro, uyapanguse, ndipo utawadhe. Ukiiparura utaona machungwa, utasema umeibiwa. Subiri. Rangi hukomaa kwa hewa, na saa 48 baadaye ndipo inafika kahawia yake. Kiganjani na nyayoni hukolea zaidi kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene; juu ya mkono na mguuni hufifia ndani ya wiki moja au mbili kadiri ngozi inavyojivua.

Basi harusi ikiwa Ijumaa, bi harusi apakwe Jumanne usiku, Jumatano arudiwe mistari ileile, minene, maua makubwa yenye nafasi katikati, si vistari vyembamba kama vinyweleo vinavyopotea. Mpigapicha aambiwe apige viganja. Picha za harusi za bibi zetu zilitoka vizuri bila piko, ingawa tukisema hivyo vijana hucheka.

Koni za dukani zinazoitwa hina ya haraka nazo ziangaliwe. Hina iliyokorogwa kwa ndimu huharibika kwa siku chache tu ikiwa nje ya friji, kwa hiyo koni iliyokaa rafu mwaka mzima bila kuharibika imetiwa kitu. Inuseni: ikinuka mafuta ya taa au petroli, iacheni hapohapo. Na hata hina safi isipakwe mtoto mchanga, hasa katika familia zenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao pwani yetu si mgeni. Hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na mtoto akageuka manjano.

Aliyekwisha kuwashwa na piko aoshe kwa sabuni na maji mengi, ajue weusi hautatoka lakini mabaki yatapungua. Malengelenge yasitumbuliwe, wala yasipakwe dawa ya meno. Aende zahanati na ataje neno piko, kwa sababu daktari asiyeambiwa atadhani ni moto au fangasi. Na akitaka kutia rangi ya nywele miaka ijayo, amwambie msusi. Akivimba uso au pumzi ikibana, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo.

Ombi letu ni dogo. KEBS, shirika la viwango la Kenya, na wenzao wa TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi Tanzania Bara, wadai kila kipaketi cha piko kiandikwe kwa Kiswahili kilichomo ndani na kwamba ni cha nywele tu. Wenye hoteli wanaoruhusu wapakaji bustanini kwao waulize kilichomo kwenye bakuli. Na mama anayemleta binti yake kupakwa atazame vidole vya mpakaji kabla ya kukaa. Anayepaka hina ana vidole vya machungwa mwaka mzima, hata akipika huonekana. Ukikuta mpakaji amevaa glavu na bakuli lake ni jeusi, ujue yeye mwenyewe haiamini ngozini mwake anayotaka kuitia ngozini mwa mwanao.

Wapakaji hina,
Mji wa Kale, Mombasa