Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: simu zetu na zinakoishia

Mheshimiwa mgeni rasmi shikamoo, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu habari zenu. Sisi wanaklabu wa mazingira tunakukaribisha sana, na leo tunataka kukuelezea kuhusu simu, maana karibu kila mtu hapa anayo mfukoni.

Mgeni rasmi, simu ya kwanza ya kushika mkononi ilipigwa tarehe 3 Aprili 1973 huko New York, aliyepiga ni Martin Cooper, injinia wa Motorola, na aliyempigia ni Joel Engel wa Bell Labs, mshindani wake kwenye kazi hiyohiyo! Ilikuwa na uzito wa kilo 1 na ushee, unaongea kama nusu saa chaji imekata, halafu unaisubiri masaa kama 10 ijae. Ikapita miaka kama 10 ndo zikaanza kuuzwa, bei karibu dola 4,000, kwa hiyo za matajiri tu. Mwaka 1991 Ufini wakawasha mtandao wa kwanza wa GSM, yaani mtandao wa simu za kidijitali, 1992 ikatumwa meseji ya kwanza Uingereza, 2007 ikaja iPhone, na siku hizi kila mwaka linatoka toleo jipya na ile ya mwaka jana tunaiona haifai tena.

Watu wengi wanadhani simu inachafua mazingira kwa umeme wa kuchajia, kumbe sehemu kubwa ya hewa ukaa yake inatoka kiwandani na migodini, kabla hata hujaiwasha. Madini ya kobalti ya kwenye betri nyingi yanatoka Kongo, na wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni bila vifaa vya kujikinga, hata watoto wamo, na hili linatuuma sana sisi wanafunzi.

Halafu ikifa inaenda wapi? Umoja wa Mataifa unasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika hata robo. Nyingine zinatupwa dampo, watu wanachoma nyaya wapate shaba, ule moshi mweusi wanauvuta wao na watoto wao, na madini ya risasi yenye sumu yaliyomo kwenye simu na vifaa vingine yanaingia kwenye udongo na maji. Na wakati huohuo tani moja ya simu mbovu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini, yaani tunatupa mali tunaenda kuchimba nyingine.

Kinachotusikitisha zaidi ni betri. Zamani unabandua kifuniko kwa kucha, unatoa betri unaweka nyingine, dakika moja tu. Sasa hivi imegandishwa kwa gundi, fundi lazima apashe joto simu ndo aifungue, anaweza kupasua kioo, mtu anaona bora anunue mpya tu wakati simu yenyewe bado nzima kabisa.

Kwa hiyo mgeni rasmi tuna maombi mawili. Tunaomba vifaa vya ufundi simu ili wanafunzi wajifunze kubadilisha betri na vioo. Pia tunaomba sanduku la chuma lenye kufuli la kukusanyia simu mbovu, na utuunganishe na kampuni yenye kibali cha kurejeleza. Tumesema la chuma kwa sababu betri ya lithiamu ikitoboka au ikipata joto kali inawaka moto.

Naomba kuwasilisha.