Kuiachia Seva ya Nyumbani Kazi ya Kugawana Mafaili

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya, na kwamba ile kompyuta kuukuu uliyoigeuza kuwa seva bado inapumua. Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale unapolalamika kwamba Transmission, ile programu yako ya kugawana mafaili kwa njia ya torenti, hufungwa kila unapotoka kwenye akaunti yako, kiasi kwamba sasa unaiacha akaunti wazi usiku na mchana ili kazi ya kugawana mafaili isikatike. Tatizo ni kwamba unatumia toleo lenye dirisha, na programu ya dirisha huishi na kufa pamoja na kikao cha mtu aliyeifungua. Umeme ukikatika na kompyuta ikajiwasha yenyewe, hakuna mtu wa kuingia na kuifungua tena, na utakuta seva inawaka bila kumgawia mtu yeyote chochote.

Unachohitaji ni toleo lisilo na dirisha, liitwalo transmission-daemon, likiwa chini ya usimamizi wa systemd. Hiyo systemd ndiyo mchakato wa kwanza kuanza mfumo unapowaka, ule wenye namba 1, na kazi yake ni kuwasha huduma nyingine zote, kuzichunga na kuzizima kwa mpangilio. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, iliifanya kuwa chaguo lake la kawaida katika toleo la 8 mwaka 2015, na Ubuntu ikafanya hivyo mwaka huohuo katika toleo la 15.04. Kwa hiyo ukikutana na maelekezo yanayokutaka uandike hati ndefu ndani ya /etc/init.d, yapite tu. Ni ya zama nyingine.

Kuisakinisha ni amri moja, wala sina haja ya kukuandikia. Jambo la kuangalia ni kwamba katika Debian na jamaa zake, kifurushi hicho huiwasha huduma papo hapo na kuunda mtumiaji mpya anayeitwa debian-transmission. Kabla hujagusa mpangilio wowote, izime kwanza kwa systemctl stop transmission-daemon. Transmission husoma faili la mipangilio, /etc/transmission-daemon/settings.json, mara inapoanza, huyaweka yote kwenye kumbukumbu yake, na inapozimwa huyaandika upya juu ya faili lilelile. Mtu anayelihariri huku huduma ikiendelea, kisha akaiwasha upya, huona mabadiliko yake yote yamefutika, na wengi hudhani wamekosea kuandika. Hariri ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Nenosiri la kuiamrisha huduma nalo liandike kwa maandishi ya kawaida bila hofu, kwa sababu huduma ikiwaka italibadilisha kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, unaoanza na mabano ya mawimbi, yaani {.

Sasa nije kwenye suala uliloliuliza kwa mstari mmoja, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote: huduma hii iendeshwe kwa jina la nani? Umependekeza iendeshwe na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, ili “isikwamishwe na ruhusa”. Nakusihi usifanye hivyo. Programu hii kazi yake ni kuzungumza na kompyuta za watu usiowajua, kutoka kila pembe ya dunia, na kupokea vipande vya data kutoka kwao. Ikigundulika kuwa na ufa, atakayepenya atapata mamlaka yaleyale iliyonayo programu, na root ana mamlaka juu ya kila kitu. Mtumiaji debian-transmission ni kama mpangaji aliyepewa ufunguo wa chumba kimoja tu. Wala usiiendeshe kwa jina lako mwenyewe, maana nyaraka zako zote, pamoja na funguo zako za SSH (ile njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine ukiwa mbali), zingekuwa mikononi mwake.

Najua utakachosema: kwamba mafaili yakishapakuliwa yatakuwa mali ya mtumiaji huyo, nawe hutaweza kuyahamisha wala kuyafuta. Dawa yake ni kundi. Jiongeze kwenye kundi la debian-transmission, toka kwenye akaunti na uingie upya ili uanachama huo utambuliwe, kisha ifanye folda ya mapakuo kuwa mali ya kundi hilo na uipe ruhusa 2775. Ile 2 ya mwanzo huhakikisha kwamba kila kinachozaliwa ndani ya folda kinarithi kundi la folda. Inabaki umask, ambayo huamua ni ruhusa zipi mafaili mapya yanyimwe. Chaguo la kawaida ni 022, ambalo huliondolea kundi ruhusa ya kuandika. Wewe unataka 002. Hapa kuna mtego ambao, kwa maoni yangu, haukupaswa kuwapo kabisa: katika matoleo ya 2 na 3 thamani hii huandikwa kwa namba za kawaida za msingi wa kumi, ilhali umask kila mahali kwingine husomwa kwa msingi wa nane. Kwa hiyo ukifungua faili ukakuta 18, hiyo ndiyo 022, nawe utaandika 2. Ukikuta “022” ndani ya alama za nukuu, toleo lako linatumia msingi wa nane, nawe utaandika “002” vilevile ndani ya alama za nukuu. Soma kilichopo kabla hujaandika.

Umenieleza pia kwamba mafaili yatakaa kwenye diski ya nje iliyopachikwa kwenye /mnt/hazina. Huduma hailijui hilo. Mfumo unapowaka, mambo mengi huanza kwa pamoja, na diski ya nje huenda ikachelewa, au isiwepo kabisa kwa sababu waya umelegea. Folda /mnt/hazina itakuwapo hata hivyo, ila itakuwa tupu na itakuwa sehemu ya diski ya mfumo. Transmission itakapowaka haitayakuta mafaili yake. Itaonyesha makosa, na chochote kipya kitakachoongezwa kitaandikwa kwenye diski ndogo ya mfumo mpaka ijae. Kinachokera zaidi huja baadaye: diski ya nje ikishapachikwa, huifunika folda ile pamoja na vilivyoandikwa ndani yake, hivyo amri ya df, inayopima nafasi iliyotumika kwenye diski, itakuambia diski ya mfumo imejaa, lakini ukiitafuta shehena hiyo kwa du, inayopima ukubwa wa folda, hutaiona popote. Itabidi uiondoe diski ya nje kwanza ndipo kilichofichwa chini yake kionekane.

Ili kuzuia hayo, ifungue systemctl edit transmission-daemon. Amri hiyo hukupa faili dogo la nyongeza, ambalo halitafutwa kifurushi kitakaposasishwa. Ndani yake andika hivi:

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/hazina

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=30
TimeoutStopSec=300

Mstari wa RequiresMountsFor huiambia systemd kwamba huduma hii isianze kabla diski haijapachikwa, na kwamba upachikaji ukishindikana, huduma nayo isianze kabisa. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa, itambulishe diski kwa UUID yake, yaani utambulisho wake wa kipekee, badala ya jina kama /dev/sdb1, maana majina hayo huweza kubadilika, kisha ongeza neno nofail ili kompyuta yenyewe isigome kuwaka kwa sababu tu diski ya nje haipo. Mambo hayo mawili hayapingani: kompyuta itawaka, na huduma hii moja ndiyo itakayobaki imezimwa. Mimi huongeza kinga nyingine ambayo wengine wataiona kuwa ni wasiwasi uliopitiliza: diski ikiwa imeondolewa, naitekelezea folda tupu ile amri chattr +i, ambayo huizuia isiandikwe chochote ndani yake hata na root. Diski ikipachikwa juu yake, kila kitu huendelea kama kawaida.

Mistari mitatu ya chini haihitaji maelezo marefu. Huduma ikianguka, systemd huisubiri sekunde 30 kabla ya kuiinua tena. Usipoweka muda huo, husubiri sehemu ya kumi ya sekunde tu, na ikishaanguka mara tano ndani ya sekunde kumi, huikatia tamaa na kuiacha. Ule wa mwisho unahusu kuzima. Transmission inapozimwa huziaga seva zinazowaratibu washiriki na kuhifadhi hali ya kila torenti, na ukiwa na torenti nyingi kazi hiyo huchukua muda. Kwa kawaida systemd huvumilia sekunde 90 kisha huua kwa nguvu, nami naona ni bora kuipa dakika tano kuliko kulazimika kuyahakiki mafaili yote upya.

Kuhusu kuiamrisha ukiwa mbali na seva, huduma husikiliza maagizo kwenye poti 9091, na kwa mpangilio wa awali humkubali tu aliye kwenye kompyuta hiyohiyo, yaani 127.0.0.1. Maelekezo mengi yatakushauri uzime kizuizi hicho. Kiache. Ukitaka kuifikia kutoka kwenye kompyuta nyingine, tumia SSH, ambayo tayari unayo: ssh -L 9091:localhost:9091 ikifuatiwa na jina lako na anwani ya seva, kisha ufungue localhost:9091 kwenye kivinjari chako. Poti 9091 usiifungue kamwe kwenye ruta. Inayofaa kufunguliwa ni 51413, ambayo washiriki wengine huitumia kukufikia. Ukiifungua na bado ionekane imefungwa, itazame anwani ya nje ambayo ruta yako imepewa: ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna utakalolibadilisha kwenye ruta litakalosaidia. Bado utaweza kupakua na kugawa, ila ni wewe tu utakayeanzisha mazungumzo.

Jambo lingine la mtandao ni kasi ya kupakia. Iwekee kikomo tangu mwanzo, chini kidogo ya uwezo halisi wa laini yako. Usipofanya hivyo, programu itaitumia nafasi yote ya kutoa data, na watu wa nyumbani watakuja kukuuliza kwa nini simu za video zinakatakata.

Ukiwa na subira na ukitaka kuibana huduma zaidi, kwenye sehemu ya [Service] unaweza kuongeza NoNewPrivileges=yes, ProtectHome=yes na ProtectSystem=strict. Hiyo ya mwisho huufanya mfumo wote wa mafaili usomeke tu bila kuandikwa, kwa hiyo ni lazima uiambatanishe na ReadWritePaths inayotaja /mnt/hazina, /var/lib/transmission-daemon na vilevile /etc/transmission-daemon, kwa kuwa mipangilio, kama nilivyokueleza, huandikwa upya kila huduma inapozimwa. Amri ya systemd-analyze security transmission-daemon itakupa alama kuanzia 0 hadi 10 ya jinsi huduma ilivyo wazi kushambuliwa, ambapo 10 ndiyo mbaya zaidi. Usiihangaikie mpaka ifike sifuri. Mashine nzima ya nyumbani haistahili usiku wako wote.

Mwishoni mwa barua yako umegusia kutaka pia picha zako zifike kwenye kompyuta zako zote. Hiyo si kazi ya Transmission. Tumia Syncthing, programu ya kulandanisha mafaili kati ya kompyuta, na hapo ushauri wangu kuhusu mtumiaji unageuka: mafaili ni yako, kwa hiyo huduma iendeshwe kwa jina lako, kwa systemctl enable --now syncthing@ ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji. Ukurasa wake wa usimamizi uko kwenye poti 8384, nao utaufikia kwa njia ileile ya SSH.

Ukishamaliza, usiridhike kwa kuona tu kwamba systemctl status inaonyesha rangi ya kijani. Zima kompyuta, chomoa diski ya nje, kisha uiwashe. Subiri kama dakika mbili, kwa kuwa systemd huitafuta diski kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa, halafu usome kumbukumbu za huduma kwa amri ya journalctl -b -u transmission-daemon. Unapaswa kukuta imeandikwa kwamba kitegemewa chake kimeshindikana. Rudisha diski, toa amri ya systemctl start transmission-daemon, nayo itaipachika diski na kuanza kazi bila wewe kufanya jingine. Ikiwa itawaka bila diski, nitumie mistari hiyo ya journalctl pamoja na faili lako la fstab, nami nitakujibu mara nitakapozipata.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako daima,
Rafiki yako