Barua ya malalamiko: safari ya ndege wa Usambara iliyoishia Lushoto

Tanga,
28 Oktoba 2024.

Meneja wa Safari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA KUTAZAMA NDEGE MILIMA YA USAMBARA, TAREHE 14 HADI 18 OKTOBA 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Mwezi Agosti niliwalipa shilingi 5,800,000 kwa watu 4: mimi, mke wangu, mwalimu mwenzangu tuliyestaafu naye, na mjukuu wangu ambaye alikuwa anamaliza darasa la saba na safari hii ilikuwa zawadi yake. Jirani aliposikia tunalipa fedha zote hizo kwenda kutazama ndege aliuliza kwani uwanja wa ndege wa Tanga una kasoro gani. Nilicheka naye wakati ule. Sasa hivi namkwepa.

Ratiba yenu ninayo hapa mezani. Inasema siku 2 msitu wa Magamba, siku 1 Mazumbai, siku 2 Amani, kwa gari aina ya Land Cruiser, pamoja na mwongozaji aliyebobea katika ndege wa Tao la Mashariki, ile safu ya milima ambayo Usambara ni sehemu yake.

Nianze na Amani, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Siku ya nne asubuhi tulikwishafunga mabegi. Kijana wenu, dereva na mwongozaji wetu, akaja akatuambia barabara ya Amani imekatika kwa mvua, na kwamba ofisi imeamua tubaki Lushoto. Nikampigia shemeji yangu aliyeko Muheza. Akajibu huku anacheka, "Mvua gani, shemeji? Bodaboda zinapanda, malori ya majani ya chai yanashuka." Nikaweka simu sauti ya nje ili kijana asikie mwenyewe. Akaangalia viatu vyake, kisha akakiri kwamba Noah haiwezi kupanda kule. Ndiyo, Noah. Hiyo ndiyo Land Cruiser mliyotuletea, na siku moja kabla tulikuwa tumeisukuma kwenye tope njia ya Mazumbai, mke wangu kashika viatu mkononi.

Halafu akaongeza neno ambalo limenifanya niandike barua hii badala ya kunyamaza. Alisema, "Mzee, ndege si walewale tu?"

Ndugu Meneja, si walewale. Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera, na kwa ndege wa msituni asiyependa kutoka kwenye kivuli, bonde lile ni kama bahari. Magamba, upande wa Magharibi, kuna vilele vinavyopita meta 2,200, baridi na ukungu. Amani, upande wa Mashariki, iko chini sana ya hapo, joto na unyevu, na miti yake ni mingine. Chozi wa Amani humpati Magamba. Na yuko ndege mmoja mdogo, wa kijivu, mdomo mrefu kupita umbo lake, anayejificha kwenye misokoto ya mimea itambaayo huko juu ya miti. Wataalamu humwita Artisornis moreaui, kwa jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani enzi za Waingereza. Anaishi Usambara Mashariki, na kundi jingine liko mbali kabisa, kaskazini mwa Msumbiji. Duniani kote hakuna pengine anapojulikana. Nimemtaja darasani kwa miaka isiyopungua 30 bila kumwona, mimi mtu wa Tanga, kwa sababu mshahara wa mwalimu na karo za watoto vilikuwa havipatani. Nilipopata kiinua mgongo nikasema sasa. Nanyi mkanipeleka Irente, karibu na Lushoto, kupiga picha ya mteremko. Irente ni pazuri, silaumu. Lakini Irente nimeshafika mara 3, kwa basi.

Kuhusu huyo mwongozaji. Ni kijana mwenye adabu, anaendesha vizuri, na sitaki afukuzwe kwa barua yangu. Kosa ni la aliyemvalisha fulana iliyoandikwa mtaalamu. Siku ya kwanza alimwonyesha mjukuu wangu chozi kwenye maua akamwambia huyu ndiye yule ndege mdogo wa Marekani anayeelea hewani mbele ya ua. Ndege wale hawapo Afrika hata mmoja. Alipopita shorobo, yule mkubwa wa kijani na buluu, akafungua mabawa yakawaka mekundu katikati ya ukungu, kijana wenu alisema, "Kasuku!" Wekundu wa mabawa yale unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo ningependa mjukuu wangu alisikie pale pale, kutoka kwa mtu niliyemlipa. Ikabidi nilifundishe mimi, wakati nilikuja kupumzika kusomesha. Kwenye daftari lake neno "kasuku" limekatwa mistari 2, na juu yake nimeandika mimi kwa peni nyekundu. Mazoea.

Kutokujua kunafundishika. Kispika ndicho nisichoweza kukisamehe.

Kijana wenu alikuwa na kispika cha rangi ya chungwa kimening'inia kwenye mkoba, na sauti za ndege kwenye simu. Kila tuliposimama alikibonyeza ili kuwavuta ndege. Najua waongozaji wengi hufanya hivyo, wengine kwa busara: mara moja, sauti ya chini, basi. Yeye alikiacha kikilia kama kibanda cha kuuza kanda za muziki. Siku ya pili Magamba tulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mwongozaji wa pale pale, ambaye kwenye ratiba yenu hata hatajwi. Alitusimamisha kwa kiganja. Mbele yetu siafu walikuwa wanakata njia, mstari mweusi unaometa, na wadudu wanakimbia majanini. Mzee akaonyesha kwa kidevu. Kwenye tawi, kama meta 1 kutoka ardhini, kulikuwa na ndege wa kahawia, mdogo kuliko ngumi ya mtoto, anawasubiri wale wadudu kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya mgao. Ni kurumbiza wa Usambara, Sheppardia montana. Usambara Magharibi tu ndiko alipo. Mke wangu, ambaye alikuja kwa kunihurumia tu, alinishika mkono.

Kijana wenu akabonyeza kispika.

Yule ndege alikuwa ameshakamata kiwavi. Hakukimeza, bila shaka alikuwa anakipeleka mahali. Badala yake akashuka chini, akaanza kuzunguka mkoba ule akitafuta ndege mwenzake aliyevamia eneo lake, kiwavi kikining'inia mdomoni. Akaruka, akatua, akaruka tena. Mzee akasema kwa upole, "Zima, mwanangu, ana watoto." Kijana akajibu kwamba wateja wanataka picha. Hakuna aliyekuwa ameomba picha. Nilitazama saa: kispika kililia dakika 18 mpaka mwalimu mwenzangu alipokichukua na kukizima mwenyewe. Ndege alibaki anazunguka. Tukaondoka sisi.

Nilimuuliza mzee njiani kama hali ni hiyo kila mara. Akasema makundi ya kampuni yenu huja na sauti hizo hizo, sehemu zile zile, na kwamba kuna kona 2 ambapo ndege siku hizi hawajitokezi tena. Sina namna ya kulipima hilo, lakini yeye yuko msituni kila siku, mimi na ninyi hatupo.

Mzee yule hakuwa na darubini. Alikuwa na masikio. Alisema "hondohondo" kabla hatujasikia chochote, na baada ya muda mabawa yakapita juu ya ukungu yakivuma kama mtu anayepepea ungo. Jioni nilimwona kijana wenu akimkabidhi shilingi 15,000. Mzee alinieleza, bila mimi kuuliza sana, kwamba makubaliano yenu naye ni 40,000 kwa siku, na kwamba malipo ya safari 2 zilizopita bado mnamwambia asubiri. Tulichanga tukampa kilichopungua cha siku ile. Za nyuma ni zenu.

La saa nitalisema kwa ufupi. Ndege huimba alfajiri. Ratiba yenu ilituweka mezani kwa chai saa 2 asubuhi na msituni saa 3 na nusu, wakati jua limeshapanda na waimbaji wamemaliza. Mapokezi pale tulipolala walikuwa tayari kutupa chai saa 11 alfajiri. Kijana wenu alisema saa zake za kazi zinaanza saa 2. Kama ndivyo mlivyomwajiri, basi mmemwajiri kwa kazi ya ofisini.

Chakula cha njiani, maandazi na yai moja, sikilalamikii.

Ninachodai:

Kwanza, mnirudishie shilingi 2,320,000, yaani gharama ya siku 2 kati ya 5 ambazo hatukufika Amani, kiingilio cha hifadhi kikiwa ndani yake. Msinipe punguzo la safari ijayo kama msichana wa mapokezi wa ofisi yenu alivyopendekeza kwenye simu. Pili, mzee wa Magamba alipwe malimbikizo yake, nami nitampigia mwenyewe kuhakikisha. Tatu, nataka kwa maandishi utaratibu wenu kuhusu sauti za kurekodiwa. Kama hamna utaratibu, andikeni kwamba hamna.

Nawapa siku 21. Zikipita kimya, barua hii pamoja na risiti, ratiba na picha za Noah kwenye tope vitakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii na Tume ya Ushindani.

Amani nitakwenda mwezi Januari, kwa basi hadi Muheza, kisha kwa bodaboda ya mtoto wa shemeji. Nimeshamwomba yule mzee wa Magamba anitafutie mwenzake wa upande ule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.

Viambatisho: risiti, ratiba, picha 6, kurasa 2 za daftari la mjukuu.

Nakala: Mzee wa Magamba, kwa mkono.