Baraza za Ndia Kuu zinavunjwa

Kwako Mhariri,

Mimi nimezaliwa Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, na mpaka leo nakaa hapo. Naomba nafasi niseme kuhusu baraza, manake mwezi uliopita mbili zimevunjwa mtaani kwetu.

Kwa asiyejua, baraza ni kile kikalio cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa nyumba, nje, ubavuni mwa mlango. Si pambo lile. Nyumba zetu ndani ni pa wanawake, mwanamume mgeni hapitishwi hivi hivi, anakaribishwa barazani, kahawa tungu analetewa hapo hapo, na mambo yote yanaisha hapo, posa, deni, mirathi. Babu alikuwa akitwambia kaskazi ikivuma majahazi yakaingia bandari ya kale na tende, manahodha walikuwa wakikaa baraza hizo hizo kungojea kusi iwarudishe kwao. Hata jina lenyewe wageni wanadhani tumekosea, wanatusahihisha eti Njia Kuu, lakini ndia ndiyo njia kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, na kweli hii ndiyo ilikuwa njia kubwa ya mji.

Sasa nyumba moja imevunja baraza ikatoboa mlango wa duka, ya pili imevunja ili tuktuk ipate pa kuegesha. Nilimwendea mwenye nyumba mmoja kwa adabu nikamwambia ami, mji huu umewekwa kwenye hifadhi tangu 1990, huwezi kubomoa bila kibali, akanambia mwanangu nyumba ni yangu. Ni yake, sikatai. Lakini pale palikuwa pakikaa mzee wetu mmoja asiyeona vizuri, kila baada ya alasiri yupo, watoto wakitoka chuo cha Qurani wanampa shikamoo na yeye anawajua wote kwa sauti zao. Siku hizi anakaa kiti cha plastiki njiani na bodaboda zinampita miguuni, juzi nusra agongwe, mimi mwenyewe ndiye niliyemvuta.

Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapo mwanzo wa mtaa, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011 na inalindwa jiwe kwa jiwe, ni vizuri sana, ila mtalii akitoka pale anaingia kwetu kuona watu wanaishi vipi, na tunaishi barazani! Wanaotoa vibali naomba waje watembee kwa miguu kuanzia Fort Jesus mpaka bandarini, waje jioni watu wamekaa, wahesabu zilizobaki kabla hazijaisha.

Na yule ami nataka ajue mawe ya baraza yake sikuyaacha yatupwe, niliyaokota yote, yako uani kwangu, siku akitaka kujenga tena atume fundi ayachukue.

Mkaazi wa Ndia Kuu,
Mombasa