Mkandarasi wa kuomba ruhusa ya matanga

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mhasibu hapa Malaba, upande wa Uganda. Mwaka mzima wa kodi wa 2022/23 nilikuwa katika ofisi ya uwakala wa forodha ambayo sitaitaja. Saa mbili asubuhi lazima niwe nimetia saini kitabu cha mahudhurio. Meza yao, kompyuta yao, na nikifiwa naomba ruhusa kwa bosi niende matangani. Ila mkataba wangu ulisema mimi ni mkandarasi huru.

Kusema kweli, mwanzoni nilifurahi. Malipo yalikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Walikata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ya asilimia 6, yaani 72,000, nami naondoka na iliyobaki. Mwenzangu aliyeajiriwa rasmi kwa kiasi hichohicho alikatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, 262,000, na 60,000 nyingine za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Nilimcheka, na mimi ndiye mhasibu!

Kicheko kilikwisha nilipokaa kujaza ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka. Ile asilimia 6 si kodi ya mwisho, ni malipo ya awali tu, na viwango vya mapato yangu ni vilevile vya mwajiriwa. Kwa 14,400,000 za mwaka, kodi ilikuwa 3,144,000. Nilikuwa nimekatwa 864,000. Deni: 2,280,000. Kodi nafuu ya wafanyabiashara wadogo haikunihusu, kwa kuwa sheria imewatoa humo wahasibu, mawakili, madaktari na wahandisi. Nikatafuta gharama za biashara za kupunguza, sikupata hata moja. Ofisi si yangu, kompyuta si yangu, hata kalamu niliokota hapohapo. Mkandarasi gani asiye na gharama?

Namjua mkandarasi wa kweli. Ni fundi anayekuja kututengenezea kompyuta. Ana vifaa vyake, anahudumia pia ofisi tatu za jirani, na akiharibu anarudia kwa hasara yake. Hakuna anayemuuliza kachelewa wapi.

Sheria ya Kodi ya Mapato haidanganyiki na jina. Inahesabu kuwa ajira hata nafasi yoyote inayompa mtu malipo yanayojulikana kiasi chake. Na mwajiri asiyekata PAYE huwajibika mwenyewe kuilipa, ingawa anaruhusiwa kumgeukia mfanyakazi na kuidai. Hapo ndipo wengi hunyamaza: ukimshtaki bosi, unaweza kujikuta unajishtaki mwenyewe.

Bosi anapata nini? Piga hesabu ya NSSF. Mchango wa mwajiri ni asilimia 10, kwangu mimi 120,000 kila mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Kabla ya marekebisho ya 2022, mwenye wafanyakazi chini ya watano hakulazimika kuchangia. Sasa hata mwenye mmoja analazimika, na njia rahisi ya kuwa na wafanyakazi sifuri ni kuwaita wote wakandarasi.

Ombi langu kwa URA, mamlaka ya mapato, ni dogo. Mfumo wenu tayari unaona TIN (namba ya mlipakodi) ileile ya mtu binafsi ikilipwa na mlipaji yuleyule, kiasi kilekile, miezi kumi na miwili mfululizo. Mkiona hivyo, mwandikieni mlipaji kwanza, aeleze kwa nini huyo si mwajiriwa wake. Msisubiri mfanyakazi aje kuomba uamuzi rasmi. Jina lake litajulikana kabla jibu halijatoka, na kazi ataipoteza.

Deni langu nililipa kwa awamu, pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Ofisi ile bado inaajiri. Juzi kijana mmoja aliniletea mkataba wake nimsomee. Ni uleule, neno kwa neno, hata kosa la tahajia kwenye ukurasa wa pili lipo.

Mhasibu,
Malaba, Tororo