Risala ya Klabu ya Kuchora kwa Mgeni Rasmi Wetu, Fundi wa Ndege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jaduong' wetu, yaani mzee wetu, Mwalimu Mkuu, Mwalimu mlezi wa klabu, walimu wote, wazazi mliofika, wapishi wetu ambao leo tumesikia harufu ya chapati tangu saa tatu asubuhi, na wanafunzi wenzangu, hamjambo? Amosou uduto!

Mimi ndio katibu wa klabu na nimepewa dakika saba. Mwaka jana katibu aliyekuwepo alisoma dakika ishirini na tano mpaka mgeni akaanza kuangalia simu, kwa hivyo mkiona naruka kitu mjue ni makusudi. Historia ya klabu naruka. Tulianza watu sita, sasa tuko thelathini na mmoja, basi.

Jaduong', sijui kama unatukumbuka vizuri. Ile Jumamosi tulikuja kule galari mjini tukiwa kumi na wanne, tumechelewa, tumejaa vumbi, kwa sababu basi tuliyokodi ilikataa kupanda mlima na dereva akatuambia tushuke tusukume, tukasukuma, ikakataa tena, tukaishia kubebana kwa matatu mbili. Tulikua tumesikia kuna mchoraji anachora ndege peke yake, hachori kitu kingine, na ati siku hio wanajeshi wastaafu watakaa naye meza moja watie saini printi zake. Sisi akilini tuliona magwanda, medali, tupige selfi turudi. Kumbe ni wazee watatu kwa viti vya plastiki, chai kwa vikombe vya karatasi, na wewe umevaa koti la kijivu na miwani imefungwa uzi mweusi upande mmoja, unabishana na mchoraji kuhusu masizi.

Masizi tu! Alikua amechora Buffalo, ile ndege ya mizigo ya jeshi letu la anga yenye mkia mrefu kama herufi T, inatua kwa kauwanja ka murram kule kaskazini. Picha ilikua nzuri sana, vumbi lile ungepiga chafya. Lakini wewe ulikua umeweka kidole juu ya kioo unamwambia moshi wa injini hii hauachi weusi hapa, unaacha pale, najua kwa sababu mimi ndio nilikua napanguza. Na mchoraji, mtu mzima mwenye jina lake, akatoa daftari akaandika. Hapo ndio nilianza kuwaangalia nyinyi wawili badala ya kuangalia picha.

Nilikuja kwa meza na biro yangu nikakupa utie saini, ukanirudishia. Ukasema hapa ni penseli. Nikadhani ni umaskini wa galari. Mchoraji akanieleza kwamba wino mwingi hufifia ukikaa kwa mwanga miaka, penseli inabaki, na pia penseli inaacha alama yake kwa karatasi, ukiinamisha unaiona inang'aa, kwa hivyo si rahisi mtu aichapishe kwa mashine akuuzie kama ya mkono. Akanionyesha namba pale kona ya chini, 37/200, yaani hii ni ya thelathini na saba kati ya mia mbili, na zikiisha hazichapishwi tena. Halafu akasema kitu mimi nilikiandika: saini yangu inasema nimechora, saini ya huyu mzee inasema ilikua hivyo. Ukashika penseli. Kidole chako cha shahada hakinyooki mwisho, ulituambia spana ilikibana miaka hio ya kazi, kwa hivyo unaandika na penseli imelala kwa kidole cha kati, polepole, na ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Samahani kwa kusema hivyo mbele ya watu, lakini ndio ukweli.

Sasa yule kijana wetu wa kidato cha pili, yuko pale nyuma anajificha, akatoa mchoro wake kwa begi. Alikua amechora F-5, ile ndege ya kivita, kwa muda wa usiku mbili. Ukavua miwani, ukaifuta, ukairudisha, ukaangalia nyuma ya ile ndege, ukamuuliza, "Injini ya pili umeuzia nani?" Galari nzima ikacheka, hata yeye. Kumbe F-5 ina injini mbili zimelala pamoja, na yeye aliweka tundu moja tu la moshi. Lakini hukumwacha hapo. Ulichukua serviet ukamchorea zile mbili, ukamwonyesha mahali fundi anafungua kuingia, ukasema hizo ndege zilipokuja Kenya mwisho wa miaka ya sabini jeshi letu la anga lilikua halijamaliza hata miaka kumi na tano tangu lianzishwe Juni 1964, na nyinyi vijana mlikua mnazisoma vitabu vyake usiku kama mtihani. Ile serviet ameiweka kwa fremu. Mama yake karibu aitupe.

Yule mzee wa pili, wa jeshi la nchi kavu, alienda Namibia 1989 na kikosi cha Kenya chini ya Umoja wa Mataifa, wakati ule Daniel Opande wetu alikua naibu kamanda wa kikosi chote. Tulimuuliza habari ya vita akatuambia habari ya mchanga kwa chai. Tukauliza tena, akarudi kwa mchanga. Mwalimu akatufinya tuache.

Halafu kuna msichana wetu mmoja ambaye babu ya babake alikua Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Wengi wetu hapa tuna mtu kama huyo, anaitwa tu yule aliyeenda Bama, yaani Burma kwa vita kuu ya pili, hana picha, ana sanduku la bati. Sasa huyu wa kwao hakufika Bama. Familia wanasema alizama na ile meli, Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, karibu watu 1,300 wakafa, na wengi walikua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Akamuuliza mchoraji, mbona ndege zina wachoraji na hio meli haina? Mchoraji alinyamaza sana. Hakujitetea, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Badala yake akatupa kisa cha David Shepherd, Mwingereza aliyekuja Kenya akiwa kijana kutafuta kazi ya kulinda wanyama akakataliwa, akarudi kwao akawa mchoraji wa ndege, halafu 1960 jeshi la anga la Uingereza likamleta tena huku, na wakubwa wake wakamwambia ndege tunaziona kila siku, tuchoree wanyama. Akachora kifaru kwa pauni 25. Ndio akawa yule wa ndovu anayejulikana dunia nzima. Yaani mtu huchora kile ameombwa, alisema, kwa hivyo ombeni. Msichana akamwambia basi naomba. Tunangoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu siku ile hatuchori kitu bila kutafuta mtu aliyekishika. Tukichora mashua tunashuka Dunga, pale ufukoni mwa ziwa, tunauliza wavuvi, na wanatucheka vizuri sana. Na ndio maana tumekuita leo, kwa sababu ya huu ukuta wa maktaba.

Tumechora ndege ya majini. Watu wengi wa hapa hawajui kwamba kabla ya vita kuu ya pili ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilikua zinatua kwa maji hapa Kisumu, na kuanzia 1937 zile kubwa za injini nne zilikua zinatoka Southampton mpaka Durban, zinasimama hapa kwetu, abiria wanashuka kwa boti. Siku hizi ingetua ingekwama kwa gugu maji, lakini tuachane na hayo. Mabawa yake ni kama mita 35 na ukuta wetu ni mita tisa, kwa hivyo tuligawa kila kitu kwa nne, na mwalimu wa hesabu alikuja kuhakikisha ingawa hakuna aliyemwita. Nyuma tumeweka milima ya Nandi. Propela tumefanya vile mchoraji alitufundisha, hatukuchora panga, tumepaka rangi kidogo ikiwa bado mbichi tukaizungusha na kitambaa mpaka unaona hewa.

Shida zetu ni hizi. Chumba cha kuchorea kinavuja, mvua ikija tunahamisha karatasi chini ya meza. Kuna mtu alituahidi rangi tangu muhula wa kwanza, akapigwa picha akituahidi, na simu siku hizi hashiki. Brashi tunagawana watu watatu kwa moja. Hatukuombi wewe pesa Jaduong', tunajua pensheni ni pensheni, lakini wazazi wako hapa na wamesikia.

Wewe tunakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kula, pitia ukuta polepole kama ulivyopitia ile Buffalo, kabla hatujapaka vanishi kesho. Kosa moja tumeshalijua, usipoteze muda nalo: kuna mtu alichorea ndege ya majini magurudumu, na sisi wote thelathini na mmoja tukapita hapo wiki mbili hatuoni, mpaka mpishi akauliza yanakanyaga nini. Tumeyafunika na mawimbi. Kama kuna mengine, sema. Na kama hakuna, tumeacha nafasi kona ya chini kulia, mkono wa mtu mzima unafika bila kuinama sana, na penseli iko kwa mfuko wa Mwalimu mlezi, tayari imechongwa.

Asante, ni sisi wanachama wa klabu ya kuchora.