Barua ya Wazi kwa Vijana Wachoraji: Namna ya Kuitazama Kazi ya Mwenzako

Wanangu wachoraji wa vitabu vya watoto, mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Unguja, Mombasa na Nairobi,

Salamu zangu ziwafikie nyote. Kwa muda mrefu mmekuwa mkiniletea swali lile lile kwa sura tofauti: mchoraji aupate wapi msukumo wa kubuni, na je, ni halali kuupata katika kazi za wachoraji wengine walio hai, ambao vitabu vyao viko madukani na picha zao zimejaa katika simu zenu? Nimeona heri niwajibu kwa pamoja na kwa maandishi, maana jambo hili linahitaji utulivu ambao haupatikani katika mazungumzo ya mlangoni.

Ni halali, tena ni lazima. Sijapata kumwona mchoraji aliyejifunza peke yake, na anayedai hivyo huwa amesahau tu majina ya waliomfundisha. Ila wengi wenu mnapoifungua kazi ya mwenzenu mnautazama mkono wake: unene wa mstari, namna anavyochora macho, rangi tatu au nne anazozipenda. Kisha mnaurudia mkono huo hadi mnaujua kuliko wenu wenyewe, na mhariri akiwaletea hadithi ya mvuvi wa Kilwa mnaichora kwa mkono wa mtu wa Paris. Ninachowaomba ni kuyatafuta maamuzi yake, yaani kujiuliza alikuwa na tatizo gani mbele yake, alilitatua kwa njia gani, na ni vitu gani alivyoviacha nje ya picha ili tatizo hilo litatuke.

Chukueni mfano wa Shaun Tan wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1974 na ambaye baba yake alihamia huko kutoka Malaysia. Mwaka 2006 alitoa The Arrival, kitabu cha penseli kisicho na sentensi hata moja, kinachomfuata mwanamume anayeiaga familia yake na kwenda nchi ngeni kutafuta riziki. Alipokuwa akikihangaikia, tatizo lake lilikuwa umbo: hadithi ndefu namna ile, isiyo na maneno, msomaji ataifuataje? Msaada aliupata katika The Snowman, kitabu cha Mwingereza Raymond Briggs cha mwaka 1978, ambacho nacho hakina maneno. Viwekeni vitabu hivyo viwili mezani. Cha Briggs ni cha penseli za rangi, laini, chenye mtoto, theluji na usiku mmoja wa furaha. Cha Tan kina rangi ya picha za kale zilizopauka, majengo ya kutisha na wanyama wasiojulikana. Hakuna atakayesema kimoja kimeigwa kutoka kwa kingine. Alichokichukua Tan ni ule ukurasa uliogawanywa katika visanduku vingi vidogo, ambao humwezesha msomaji kulifuata tendo dogo hatua kwa hatua, kama pale mwanzoni ambapo msafiri anaifunga picha ya familia yake na kuitia katika sanduku. Tendo hilo lingeweza kuchorwa katika picha moja na likaeleweka. Kwa kulikata vipande alitupa nafasi ya kuuhisi uzito wa kuondoka.

Wala hakuishia kwa Briggs. Alikwenda kwenye picha za wahamiaji waliopita Ellis Island, kule New York, na kwenye mchoro wa Tom Roberts wa mwaka 1886 unaowaonyesha abiria wakiwa juu ya sitaha ya meli iendayo Australia. Deni hilo alilitaja mwenyewe katika maelezo yaliyo mwishoni mwa kitabu. Kwa hiyo mnapompenda Tan, msigandishe macho yenu kwenye penseli yake. Mfuateni hadi alikokwenda yeye. Anayetaka maji safi hupanda juu kidogo ya mahali watu wanapofulia. Wachoraji mia wakimnakili Tan, huwa wananakiliana wao kwa wao, na kila nakala inapauka zaidi ya iliyoitangulia. Lakini mmoja akienda kuzitafuta picha za zamani za bandari ya Mombasa, au za stesheni ya reli ya Tabora, na kumtafuta bibi aliyepanda gari moshi akiwa mtoto ili amsimulie, huyo ameuelewa mfano.

Pengine mtaniambia kwamba Australia ni mbali. Basi turudi nyumbani, kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora pale Oysterbay, Dar es Salaam, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Vifaa hivyo vilikuwa rahisi kupatikana, na ndivyo vilivyoamua sura ya kazi: rangi ile hung'aa, na kwenye ubao laini huacha umbo safi lenye ukingo mkali. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na marafiki waliokaa naye chini ya mti mmoja wakimtazama na kumwiga. Kuiga kwa namna hiyo sikulaumu hata kidogo. Ndivyo ufundi ulivyofundishwa kwetu siku zote, kwa mchongaji, kwa mfinyanzi na kwa fundi wa milango ya Zanzibar. Ninachosikitikia ni kwamba mtalii akishamnunua twiga aliyesimama mbele ya Kilimanjaro, kesho anachorwa twiga yule yule, na kesho kutwa tena, hadi yule aliyechora anaweza kumchora akiwa amefumba macho.

Katika mtindo huo huo wa Tingatinga akatokea John Kilaka, aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966. Naomba tukae naye kidogo, kwa sababu sioni mfano bora zaidi kwenu. Alichukua rangi kali, wanyama na mandhari tambarare ya Tingatinga, kisha akavitia katika hadithi, na hapo kila kitu kikalazimika kubadilika. Mnyama wa ubaoni hana haja ya kumjua mnyama mwingine, lakini mnyama wa kitabuni lazima atambulike katika kila ukurasa, akasirike, aone haya, abebe mzigo, amgeukie jirani yake. Kilaka akawasimamisha wanyama wake kwa miguu miwili na kuwavika nguo kama zetu. Katika kitabu chake cha Fresh Fish, kilichosomwa Ulaya kwa Kijerumani kabla ya Kiingereza, Sokwe anapeleka samaki sokoni huku Mbwa akiwatamani, na pembezoni mwa tukio hilo kijiji kizima kinaendelea na shughuli zake. Hadithi zenyewe amekuwa akizitafuta vijijini, kwa wazee wanaozisimulia kwa mdomo. Mtindo ni wa wengi, hata watalii wanaujua; alichokiamua juu ya mtindo huo ndicho chake.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya kazi yenyewe. Mchagueni mchoraji mmoja na mkae naye mwezi mzima, kwa kuwa kidole kinachopita juu ya kioo cha simu huonyesha picha mia kwa robo saa na hakiachi kitu. Tafuteni kitabu chake kizima, kwa sababu mchoraji wa vitabu haonekani katika picha moja. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa vile karatasi kubwa la mtambo hukunjwa likatoa kurasa 16. Zichoreni kurasa zote katika daftari, kila ukurasa ukubwa wa kiberiti, bila sura wala mapambo, vivuli na maumbo makubwa tu. Mtaona mara moja ni wapi alipoijaza karatasi, ni wapi alipoiacha nyeupe, na ni ukurasa gani alioutuliza ili unaofuata upige kelele. Kisha mrudishe kitabu kabatini na mchore hadithi yenu mkiwa na daftari hilo peke yake. Ukurasa mmoja au miwili naruhusu muunakili kikamilifu, mstari kwa mstari, kwa ajili ya kuuzoeza mkono. Lakini nakala hiyo ibaki daftarini, isipelekwe kwa mhariri wala kuwekwa mtandaoni na jina lenu chini yake.

Kuna kosa ambalo hutokana na kuwatazama wachoraji wa kaskazini bila kutazama nje ya dirisha, nalo ni la mwanga. Wao, hasa wakati wa baridi, jua lao hukaa chini hata mchana, ndiyo maana vivuli vyao ni virefu, vya rangi ya samawati, na anga yao imepauka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Saa sita mchana kivuli cha mtu hukaa karibu na nyayo zake, na mwanga mwingi hutoka chini, kwenye mchanga au udongo mwekundu, ukaupaka uvungu wa paa la bati na kidevu cha muuza mihogo. Nimeona kitabu kizuri cha mtoto wa Bagamoyo ambamo kila mtu anaburuta kivuli cha mwezi Desemba wa London, na nyumba ina bomba la moshi juu ya paa. Na miti, jamani! Mti wa duara la kijani juu ya fimbo ya kahawia haumo katika mtaa wowote ninaoujua. Tuna mwembe, mkungu, mwarobaini na mnazi, na kila mmoja una umbo lake na watu wake wanaokaa chini yake. Hata ngozi zetu mnazipaka kahawia moja kutoka chupa moja, ilhali katika familia moja ya Tanga kuna rangi tano.

Wachora katuni wa magazeti nao msiwapite kwa kudhani kazi yao ni nyingine. Gado, kijana wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, alimchora Uhuru Kenyatta akiburuta tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo wakati kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilipokuwa ikimkabili. Ni alama moja, ikirudiwa hadi msomaji akaizoea, na haikuhitaji maelezo. Masoud Kipanya ana panya wake. Mchoraji wa watoto anaweza kujifunza hapo jinsi kitu kidogo kinavyoweza kubeba mhusika kitabu kizima.

Kuhusu picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba, ambazo baadhi yenu mnazikusanya kama chanzo cha mawazo, nitasema kwa ufupi. Mkiuliza kwa nini mkono umewekwa pale, hakuna aliyeuweka kwa sababu fulani, kwa hiyo hakuna uamuzi wa kujifunza. Tumieni muda wenu kwa watu.

Limebaki suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyokwisha kuchorwa. Wazo au mtindo hauna mwenyewe mbele ya sheria. Pengo hilo lisiwape kiburi. Mhariri akiwawekea mezani kitabu cha mtu na kusema mchore kama hivi, muulizeni ni kitu gani hasa kimempendeza, kwa maana mara nyingi ni ucheshi au nafasi nyeupe, na hivyo mnaweza kumpa bila kuchukua cha mtu. Akisisitiza kutaka sura zile zile, kataeni kwa adabu. Na kitabu chenu kikiwa tayari kwenda kwa mpiga chapa, ombeni mistari mitatu katika ukurasa wa hakimiliki na muwataje wachoraji, wasimulizi na picha za kale zilizowasaidia. Mkiambiwa nafasi haitoshi, waambieni wapunguze ukubwa wa herufi.

Wasalaam,
Mzee wenu katika kazi